Larry Brown na begi lisilofunguliwa: namna ya kusoma safari ya kocha anayehamahama

Kaa pembeni ya uwanja wa Don Bosco, Upanga, siku ya mechi za mpira wa kikapu za ligi ya mkoa, au nenda JMK Park pale Kidongo Chekundu jioni vijana wakiwa mazoezini. Muda si mrefu utasikia ubishi wa makocha. Fulani ameshapita timu nne: anatafutwa au anafukuzwa? Mmoja atasema kocha mzuri hakosi kazi. Mwenzake atamjibu kwamba kocha mzuri hahami. Wote wawili wanabishania idadi ya timu, na katika wasifu wa kocha hakuna kipengele kinachoeleza machache kama hicho.

Tuchukue mfano mkubwa kuliko yote. Larry Brown alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1940. Ndiye kocha pekee aliyetwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani, NCAA, na ubingwa wa NBA. Ndiye pia kocha ambaye mashabiki wa karibu kila mji aliofanya kazi wanakumbuka siku aliyoondoka kuliko siku aliyofika. Mambo hayo mawili hayapingani. Yametoka kwenye mzizi mmoja, na klabu ya Dar es Salaam inayofikiria kuleta kocha kutoka nje ikiuelewa mzizi huo itaokoa fedha na msimu.

Hesabu inayowachanganya watu

Hata idadi yenyewe ina utata. Sehemu moja utasoma timu tisa, nyingine kumi, nyingine kumi na nne, na zote ziko sahihi kwa sababu kila moja inahesabu kitu chake. Tisa ni timu za NBA: Denver Nuggets, New Jersey Nets, San Antonio Spurs, Los Angeles Clippers, Indiana Pacers, Philadelphia 76ers, Detroit Pistons, New York Knicks na Charlotte Bobcats. Nane kati ya hizo alizifikisha kwenye mtoano. Iliyokosekana ni Knicks, na tutarudi kwake. Ukiongeza Carolina Cougars, timu aliyoanza nayo ukocha mkuu mwaka 1972 katika ABA, ligi iliyoshindana na NBA wakati huo, unapata kumi. Ukiongeza vyuo vitatu, yaani UCLA, Kansas na SMU, pamoja na klabu ya Torino ya Italia, unapata kumi na nne. Wapo wanaoongeza Chuo cha Davidson, ambako alikubali kazi mwaka 1969 akaondoka kabla ya mechi hata moja.

Ushindi nao huhesabiwa kwa namna tofauti. Katika NBA alishinda mechi 1,098. Katika ABA alishinda 229. Jumla ni 1,327, na ndiyo maana namba mbili tofauti huzunguka mtandaoni zikidai kuwa ni kitu kimoja. Mechi za vyuo hazimo humo.

Sasa angalia jambo ambalo orodha haikuoneshi ukiisoma harakaharaka. Mwaka 1976 ABA ilivunjika, na timu zake nne zikaingizwa NBA: Nuggets, Nets, Pacers na Spurs. Brown amezifundisha zote nne. Kocha huyu hakuwa anarushwa huku na kule kama tiara iliyokatika uzi. Alikuwa anazunguka ndani ya mtandao wa watu waliojuana tangu wakiwa ligi moja ndogo. Mwaka 1983 alipokwenda Kansas alimwajiri Ed Manning awe msaidizi wake, mchezaji wake wa zamani pale Carolina. Mtoto wa Ed, Danny Manning, akaja kucheza Kansas. Mwaka 1988 Kansas ilicheza fainali ya NCAA na Oklahoma ikashinda 83 kwa 79, Danny akiwa na pointi 31 na ribaundi 18. Timu hiyo ilikuwa imepoteza mechi 11 msimu ule. Anayesoma wasifu wa kocha bila kusoma majina ya watu aliotembea nao anasoma nusu ya karatasi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kwa Brown msemo huu una takwimu. Denver ilishinda mechi 37 msimu wa 1973/74. Alipofika, msimu uliofuata ilishinda 65 na kupoteza 19. Nets ilikuwa imeshinda 24 kati ya 82; mwaka wake wa kwanza ikashinda 44. Pacers ilitoka 41 ikafika 47 na ikacheza fainali ya Kanda ya Mashariki. Clippers aliichukua katikati ya msimu wa 1991/92, akashinda 23 na kupoteza 12 katika mechi zilizobaki. Msimu huohuo alikuwa ameuanza akiwa na Spurs, kibarua chake kikaota nyasi mwezi Januari.

Kwa nini mwaka wa kwanza? Sababu ni tatu, na zote ni za kazi.

Ya kwanza ni ulinzi. Kupiga mtupo wa pointi tatu ni ujuzi wa mkono unaojengwa kwa miaka. Kusimama mahali sahihi wakati mpira uko upande wa pili ni kanuni ambayo mtu mzima anaweza kuishika ndani ya wiki sita, akisimamishwa kila anapokosea. Brown alikuwa mtu wa kusimamisha mazoezi. Mpira ukipita bila msaada wa ulinzi kufika, kila mtu anabaki alipo, kosa linaoneshwa, mchezo unarudiwa. Shule hiyo aliitoa North Carolina kwa Dean Smith, aliyemchezesha na baadaye kumfanya msaidizi wake. Smith mwenyewe alicheza Kansas chini ya Phog Allen, na Allen alikuwa mwanafunzi wa James Naismith, aliyeuvumbua mchezo huu mwaka 1891.

Ya pili ni dakika. Kocha mpya hana deni kwa mtu. Nyota aliyekuwa akicheza dakika 36 kwa sababu ya jina anaweza kukalishwa benchi bila kocha kuonekana kuwa amemsaliti.

Ya tatu ni kubadilisha kazi za wachezaji waliopo kabla ya kutafuta wapya. Hapa Philadelphia ndiyo somo zuri. Alimkuta Allen Iverson, mtu wa sentimita 183, akicheza namba moja: analeta mpira, anapanga mashambulizi, anamaliza mwenyewe. Brown alimhamishia namba mbili, nafasi ya mfungaji, na kumpa Eric Snow kazi ya kuleta mpira. Kwa nini ilifanya kazi? Iverson alianza kuupokea mpira akiwa tayari anakimbia, baada ya kutoka kwenye skrini mbili au tatu (wenzake wakimzuilia mlinzi njia), badala ya kuanza kutoka kusimama huku mlinzi akiwa mbele yake. Upande wa ulinzi, Snow alikuwa mrefu na mzito zaidi, hivyo ndiye aliyemkaba namba mbili wa wapinzani, na Iverson akamkaba namba moja. Majukumu yalivuka mstari. Asilimia za ushindi zilikwenda hivi: 27 msimu wa kabla yake, 38 mwaka wake wa kwanza, 56 msimu mfupi wa 1999, 60 mwaka 2000, 68 mwaka 2001. Februari 2001 aliongezwa Dikembe Mutombo kutoka Atlanta kulinda ringi, na timu ikafika fainali. Mechi ya kwanza waliifunga Lakers 107 kwa 101 katika muda wa nyongeza, Iverson akifunga 48, kisha wakapoteza nne mfululizo.

Ila usiitumie hesabu hii kama hirizi. San Antonio inaikanusha. Spurs ilikuwa imeshinda 31, Brown akaja 1988, ikashuka hadi 21. Msimu uliofuata ikashinda 56. Kocha alikuwa yuleyule na mazoezi yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika zaidi ni kwamba David Robinson alimaliza utumishi wake katika jeshi la majini akajiunga na timu. Kwa hiyo kiongozi wa klabu anapooneshwa wasifu wenye mstari wa “niliinua timu kutoka ushindi 5 hadi 15”, swali la kwanza liwe: nani alisajiliwa kati ya 5 na 15?

Kinachomwondoa

Maelezo mepesi ni kwamba Brown ana tabia ya kutotulia. Yana ukweli wake. Mwaka 1983 aliiacha Nets ikiwa na ushindi 47 na imebakiza mechi sita tu msimu uishe, kwa sababu alikuwa ameshakubaliana na Kansas. Hilo haliwezi kupambwa. Wachezaji waliingia mtoano na kocha mwingine.

Lakini tabia peke yake haielezi kwa nini sehemu nyingine alidumu miaka sita na nyingine mwaka mmoja. Kinachoeleza zaidi ni swali moja: nani anasajili, na kocha anakubaliana naye kwa kiasi gani?

Linganisha misimu miwili iliyofuatana kwa karibu. Detroit, 2003/04: Joe Dumars ndiye aliyejenga kikosi, na wanne kati ya watano wa kuanza, Chauncey Billups, Richard Hamilton, Tayshaun Prince na Ben Wallace, walikuwepo kabla Brown hajatua. Februari 2004 Dumars akamleta Rasheed Wallace. Ni wachezaji wanaopenda kukaba na kupeana pasi, yaani kile hasa anachofundisha Brown. Waliifunga Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant mechi nne kwa moja.

New York, 2005/06: kikosi kilijengwa na Isiah Thomas kwa wazo tofauti kabisa, wafungaji wanaotaka mpira mkononi. Brown alijaribu kuwapanga upya kila wiki. Alitumia vikosi vya kuanza 42 tofauti ndani ya mechi 82. Matokeo: ushindi 23, vipigo 59. Alikorofishana na Stephon Marbury hadharani. Mkataba wa miaka mitano ukavunjwa baada ya mmoja, na baada ya mvutano uliofikishwa kwa kamishna wa ligi, David Stern, Knicks ililipa dola milioni 18.5 kumalizana naye. Kocha hakupoteza elimu yake ndani ya miezi kumi na miwili. Alikabidhiwa mbao akaambiwa ashone suruali.

Kuna sababu ya pili, ndefu zaidi. Ualimu wa aina hii unachakaa. Mwaka wa kwanza mchezaji akisimamishwa mara kumi mazoezini anaona anafundishwa. Mwaka wa nne anaona ananyanyaswa, kwa sababu kosa analoambiwa amelisikia mara elfu. Pacers ilicheza fainali ya kanda mara mbili, ikapoteza zote katika mechi ya saba, na mwaka wa nne ikashuka hadi ushindi 39 na kukosa mtoano. Kocha anapoona hivyo huanza kuamini kwamba suluhisho ni wachezaji wapya. Uongozi unaona suluhisho ni kocha mpya. Hapo safari inaanza tena.

Wanaolipa gharama ni wawili, na klabu zetu huwasahau. Wa kwanza ni kijana. Kocha wa kushinda leo hana dakika za kumkuza mtu wa kesho. Katika drafti, yaani siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Detroit ilimchagua Darko Miličić nafasi ya pili mwaka 2003. Chini ya Brown alikaa benchi karibu misimu yote miwili. Hasheem Thabeet, kijana wetu aliyezaliwa Dar es Salaam, naye alichaguliwa nafasi ya pili, na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ya maendeleo, na Februari 2011 akauzwa Houston. Mazingira yao yalitofautiana, lakini senta mrefu anayejifunza mchezo akiwa ameshalipwa kama nyota anahitaji benchi lenye subira, na subira ndiyo kitu cha kwanza kukosekana timu inapotaka mtoano.

Wa pili ni taasisi. Baada ya Brown kuondoka Kansas mwaka 1988, NCAA iliiadhibu kwa makosa ya usajili wa wakati wake, na bingwa akazuiwa kutetea taji. Nafasi ya pili ya UCLA mwaka 1980 ilifutwa kwenye vitabu. SMU nayo ilizuiwa mashindano ya mwisho wa msimu wa 2015/16, na yeye akafungiwa mechi tisa. Mara tatu, vyuo vitatu. Huo si mkosi, na anayemsifu Brown bila kulitaja hilo anawapunja wachezaji waliobaki kulipa.

Upande wa pili wa mizani wapo aliowafundisha kazi. Gregg Popovich alikaa mwaka mmoja kwenye benchi lake Kansas, kisha akawa msaidizi wake San Antonio. John Calipari na Bill Self walipitia kwake Kansas. Mwaka 2005 Pistons ya Brown ilipoteza fainali ya NBA mechi ya saba dhidi ya Spurs ya Popovich.

Kanuni zikibadilika na begi nalo huzidi uzito

Athens 2004 ni ushahidi kwamba ujuzi hausafiri wenyewe. Brown alikwenda Olimpiki na kikosi kilichokusanywa haraka, LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony wakiwa wametoka kumaliza msimu wao wa kwanza wa kulipwa. Mechi ya kwanza Puerto Rico iliwafunga 92 kwa 73. Walipoteza tena kwa Lithuania na kwa Argentina, wakarudi na shaba. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 77, alisaini Torino. Desemba mwaka huohuo alitupiwa virago.

Tofauti zinazomkwaza kocha anayetoka NBA au vyuo vya Marekani kuja kwenye kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, tunazotumia Tanzania, ziko wazi na zinapimika.

Muda kwanza. FIBA ni robo nne za dakika 10; NBA ni za dakika 12. Dakika nane pungufu zina maana kwamba kuachwa pointi 12 mwanzoni mwa robo ya nne ni shimo refu zaidi. Presi (kukaba uwanja mzima) ya kurudisha mechi inatakiwa kuanza mapema, dakika sita au saba kabla ya mwisho, na kocha aliyezoea kusubiri hujikuta amechelewa.

Faulo tano zinamtoa mchezaji, si sita. Kwa hiyo mwenye faulo mbili robo ya kwanza ni tatizo la kweli. Kocha anayemwacha uwanjani kwa mazoea ya sita atampoteza robo ya tatu.

Taimu auti ndizo zinazoleta aibu. NBA kuna saba, na mchezaji mwenye mpira anaweza kuomba. FIBA kuna mbili kipindi cha kwanza na tatu kipindi cha pili, zisizotumika hazihamishwi, na katika dakika mbili za mwisho haziruhusiwi zaidi ya mbili. Mchezaji hawezi kuomba. Kocha au msaidizi wake wa kwanza huenda mezani, na meza hutoa nafasi mpira ukiwa umekufa, au baada ya kufungwa kikapu kwa timu iliyofungwa. Kumfokea mwamuzi akiwa anakimbia na mchezo hakusaidii. Wageni wengi hujifunza hili kwa kupoteza mpira mmoja wa thamani.

Chini ya ringi, NBA inamkataza mlinzi kukaa eneo la kati zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. FIBA haina katazo hilo, hivyo namba tano, yaani senta, anaweza kujikita pale, na michoro yote ya kupenya iliyobuniwa kwa ajili ya eneo tupu inagonga ukuta. Aidha, mpira ukishagusa ringi, FIBA inaruhusu yeyote kuupiga au kuuondoa. NBA inataka usubiri utoke juu ya ringi. Na mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, dhidi ya 7.24 za NBA, kwa hiyo msaada wa ulinzi una umbali mfupi wa kurudi.

Safari za Afrika

Barani kwetu kuhamahama kumechukua sura nyingine, kwa sababu mashindano yenyewe ni mafupi. Liz Mills, Mwaustralia, aliichukua timu ya wanaume ya Kenya mwanzoni mwa 2021. Februari hiyo, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73 na kufuzu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mwaka 2022 alikuwa na AS Salé ya Morocco, mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika BAL, ligi ya klabu za Afrika. Agustí Julbe wa Hispania aliipa Zamalek ubingwa wa kwanza wa BAL mwaka 2021 pale Kigali, na mwaka 2023 akautwaa tena akiwa na Al Ahly, mahasimu wakubwa wa Zamalek jijini Cairo.

Kumwita kocha wa namna hii asiyetulia ni kukosea. Ameajiriwa kwa kazi fupi, na anapimwa kwa kazi hiyo. Shida huanza klabu inapomwajiri mtu wa kazi fupi ikitegemea mradi wa miaka mitano, au kinyume chake.

Klabu ya Dar ifanye nini kabla ya kumwaga wino

Kwanza vibali, kabla ya tiketi. Mgeni anahitaji kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Maombi yanataka vyeti, mkataba na maelezo kwa nini nafasi hiyo inamhitaji mgeni. Klabu inayomleta kwa viza ya matembezi ikitarajia kurekebisha mbele ya safari huishia na kocha anayekaa jukwaani timu ikicheza.

Pili, andikeni nani anasajili. Si kwa maneno ya heshima, kwa sentensi: kocha anapendekeza majina mangapi, nani anaidhinisha, ndani ya siku ngapi, na mchezaji asiyetakiwa na kocha anaweza kusajiliwa au la. Sentensi hiyo ndiyo iliyotenganisha Detroit na New York. Katika klabu zetu ugomvi huu huanza pale mfadhili anapoleta mchezaji wake wiki moja kabla ya dirisha kufungwa.

Tatu, kuachana. Taarifa ya siku 30 ni ya kawaida na inatosha kwa pande zote. Wekeni kiasi kinacholipwa klabu ikivunja mkataba na kiasi anacholipa kocha akiondoka katikati ya msimu, na kipungue kadiri msimu unavyokwisha. Tajeni pia nyumba, usafiri, bima ya afya na tiketi ya kurudi. Mishahara iwe na tarehe na sarafu, na isemwe wazi ni kabla ya kodi au baada yake.

Nne, mgogoro ukitokea unakwenda wapi. FIBA ilianzisha mwaka 2007 chombo cha usuluhishi, BAT, chenye makao Geneva. Mwamuzi mmoja husikiliza, na huamua kwa haki na uungwana badala ya sheria ya nchi fulani. Lakini BAT haisikilizi kesi isipokuwa pande zote zimekubali hivyo kwa maandishi, na kwa kawaida hilo ni kifungu ndani ya mkataba. Klabu isiyolipa baada ya uamuzi inaweza kuadhibiwa na FIBA, ikiwemo kufungiwa usajili. Viongozi wanaosaini kifungu hicho bila kukisoma hushtuka barua inapofika miaka miwili baadaye.

Kisha inakuja kazi yenyewe. Wachezaji wetu wengi wana ajira au masomo mchana, na mazoezi huanza saa 11 jioni. Kutoka Gongo la Mboto au Mbagala hadi Upanga kwa foleni ya saa hiyo, nusu ya timu itafika saa 11 na nusu. Kocha aliyepanga saa mbili za mazoezi apange dakika 90, na dakika 20 za mwanzo ziwe mitupo ya wawiliwawili ambayo anayechelewa anaweza kuidandia bila kuvuruga kitu. Mazoezi ya kusimamisha na kusahihisha, yale ya Brown, yanahitaji watu kumi uwanjani, yawekwe katikati. Masika, Machi hadi Mei, uwanja wa wazi ukilowa ni hatari kwa magoti, hivyo awe na ratiba ya siku za mvua: video, na mazoezi ya nguvu ndani.

Wiki nne za kwanza zitoshe kufundisha ulinzi mmoja wa mtu kwa mtu, zoni moja (ulinzi wa eneo), njia moja ya kutoka kwenye presi na michezo miwili ya kuingiza mpira kutoka nje. Zaidi ya hapo wachezaji wanaokutana mara tatu kwa wiki hawatashika. Majina ya michezo yawe ya Kiswahili na mafupi, “kulia”, “mbili”, “moto”, kwa sababu kelele za Uwanja wa Ndani wa Taifa humeza sentensi ya Kiingereza, na mchezaji anayetafsiri kichwani huchelewa nusu sekunde. Msaidizi mzawa awe na daftari la kila mazoezi, tarehe na zoezi, tangu siku ya kwanza, na mkataba useme daftari hilo ni mali ya klabu.

Mwisho, mpigieni mtu simu kabla hamjaamua. Klabu nyingi humpigia mwenyekiti wa timu aliyotoka kocha. Mtafuteni aliyekuwa msaidizi wake. Muulizeni nani alikuwa anasajili, kocha alisimamisha mazoezi mara ngapi mwezi wa kwanza na mara ngapi mwezi wa mwisho, vijana wa benchi walipata dakika ngapi, na alipoondoka mazoezi ya kesho yake yaliongozwa na nani, kwa karatasi gani.